Upepo Hausomi Cheti

WAPO watu wenye madaraka makubwa katika kazi ya ujenzi ambao hulimaliza kila swali kuhusu usalama wa ghorofa ndefu kwa sentensi moja tu: "Jengo hili limekwisha kupimwa katika handaki la upepo." Sentensi hiyo husemwa kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Afisa mwenye faili mezani huambiwa hana haja ya kuuliza zaidi. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake mambo hayo hujibiwa kwamba ni elimu ya wachache. Ama mwananchi atakayepita kila siku chini ya kivuli cha jengo hilo, huyo hahesabiwi kabisa katika mazungumzo. Cheti kimetoka maabara ya ng'ambo, kina muhuri, kina michoro ya rangi, basi, yamekwisha.

Huo ni upotofu, tena ni upotofu wa hatari. Kitu kilichopimwa katika handaki si jengo. Ni kielelezo cha jengo, ambacho mara nyingi kimepunguzwa mara 400, hata ghorofa yenye urefu wa mita 200 ikawa kijiti cha nusu mita kinachoweza kubebwa kwapani. Upepo unaokipiga nao si upepo wa Mungu, bali ni hewa inayosukumwa na feni ndani ya chumba kirefu. Kati ya kijiti hicho na jengo lenyewe, na kati ya feni hiyo na dhoruba yenyewe, pana daraja refu la makisio. Mwenye kupita juu ya daraja hilo bila ya kulikagua anahatarisha roho za watu ambao hawakuulizwa.

Hapana mtu mwenye akili timamu anayedai kwamba vielelezo vitupwe. Hoja ni nyingine kabisa: kielelezo ni shahidi, wala si hakimu. Shahidi huhojiwa. Na hakimu katika kesi hii ni jengo lenyewe, lililosimama mahali pake, katika upepo wake, na vyombo vya kupimia vikiwa ndani yake.

Somo la tangu zamani

Handaki la upepo lilikuzwa hasa kwa ajili ya ndege. Ndege huruka juu, mahali ambapo hewa huenda kwa utulivu, na kwa hiyo mafundi walijitahidi kutengeneza handaki lenye hewa laini isiyo na msukosuko. Jengo, hata hivyo, haliruki. Limesimama ardhini, na upepo unaolifikia umekwisha kupita juu ya miti, mapaa na vilima. Umekwaruzwa na kupasuliwa. Chini ni wa polepole, juu ni wa kasi, na wakati wote huja kwa vishindo.

Tofauti hiyo ilipuuzwa kwa miaka mingi. Jengo la Empire State la New York, lenye urefu wa mita 381, lilimalizika mwaka 1931. Mwaka 1933 wataalamu Dryden na Hill wa idara ya vipimo ya serikali ya Marekani walitangaza vipimo vya upepo juu ya kielelezo chake, vilivyofanywa katika hewa laini ya handaki. Kisha mhandisi Rathbun akapima mambo yaleyale katika jengo lenyewe, na taarifa yake ikatoka mwaka 1940. Vipimo vya kielelezo na vya jengo havikulingana sawasawa. Jambo hilo lingetosha kuwaamsha watu, lakini usingizi ni mtamu kwa mwenye kitanda kizuri.

Aliyewaamsha hasa alikuwa Martin Jensen wa Denmark. Huyu hakuanza na ghorofa ndefu. Alianza na nyumba ndogo, akapima mkandamizo wa upepo wa kweli juu ya kuta na paa lake, kisha akarudia vipimo hivyo kwa kielelezo. Kanuni aliyoitangaza mwaka 1958 ni rahisi kuieleza hata mbele ya darasa la watoto: haitoshi kuipunguza nyumba, bali ni lazima kuipunguza na ardhi pia. Ukali wa uso wa nchi, yaani miti, nyasi na nyumba za jirani, lazima upunguzwe kwa kipimo kilekile cha nyumba. Sakafu ya handaki ikikwaruzwa kwa kadiri inayostahili, hewa inayopita juu yake huanza kuchafuka kama upepo wa dunia, na hapo ndipo kielelezo huanza kusema kweli. Sakafu ikiachwa laini, kielelezo hudanganya, hata kama kimechongwa kwa ustadi wa namna gani.

Kutokana na fikra hiyo, Jack Cermak wa Chuo Kikuu cha Colorado State na Alan Davenport wa Chuo Kikuu cha Western Ontario huko Kanada walijenga elimu mpya katika miaka ya 1960. Mahandaki yao yalikuwa marefu, na sakafu zake zilipangwa vipande vya kukwaruza upepo, ili hewa isafiri na kuchafuka kabla ya kukifikia kielelezo. Elimu hiyo ni tunu. Lakini isisahauliwe ilikotoka: haikuzaliwa na watu waliokiamini kielelezo, bali na watu waliokishitaki mbele ya nyumba ya kweli.

Minara mitatu ya Ferrybridge

Mwenye kudhani kwamba hayo ni mabishano ya maprofesa na ayatazame yaliyotokea Ferrybridge, katika jimbo la Yorkshire nchini Uingereza. Mahali hapo palikuwa panajengwa kituo kikubwa cha umeme chenye minara minane ya kupozea maji. Kila mnara ulikuwa na urefu wa mita 114 hivi, nao ulikuwa gamba tu la zege, pana chini, jembamba kiunoni. Tarehe 1 Novemba 1965 upepo mkali ulivuma, na minara mitatu ikaanguka mmoja baada ya mwingine.

Jambo la kushangaza ni kwamba minara iliyoanguka haikuwa ile ya mbele iliyopokea upepo kwanza. Ilianguka ile ya nyuma, ambayo mtu wa kawaida angesema imekingwa na wenzake. Kumbe mnara wa mbele hauzuii upepo kama ukuta unavyozuia jua. Huupasua na kuusokota, nao hupenya katika nafasi kati ya minara na kumfikia wa nyuma ukiwa na vishindo vikali zaidi.

Kamati ya uchunguzi ilipotoa taarifa yake mwaka 1966, mambo mawili yalidhihirika. La kwanza, kasi ya upepo iliyotumiwa katika hesabu ilikuwa wastani wa dakika nzima, hali vishindo vinavyodumu kwa sekunde chache tu ndivyo vinavyobomoa. La pili, vipimo vya handaki vilivyotegemewa vilikuwa vya mnara mmoja uliosimama peke yake. Minara minane ilijengwa kwa makundi, lakini kielelezo kilikuwa mpweke. Handaki halikusema uongo. Lilijibu swali la mnara mmoja, na watu wakalichukua jibu hilo kuwa la minara minane.

Hapa pana hesabu ambayo kila mwalimu anaweza kuiandika ubaoni. Upepo unapousukuma mnara, upande unaopigwa hutaka kunyanyuka, na uzito wa zege huushikilia chini. Chuma kilichomo ndani ya zege hubeba tofauti tu kati ya nguvu hizo mbili. Tuseme, kwa mfano, upepo unanyanyua kwa nguvu ya 100 na uzito unashikilia kwa 80: chuma kinabeba 20. Sasa upepo ukizidi kwa asilimia 20 tu, utanyanyua kwa 120, uzito utabaki 80 ileile, na chuma kitabeba 40. Kosa la moja ya tano katika upepo limekuwa mzigo maradufu katika chuma. Kwa hiyo mtu asemaye "vipimo vya handaki vimekosea kidogo tu" bado hajasema neno. Lazima aulizwe: kidogo mahali gani, na kiungo kipi kinabeba tofauti hiyo?

Hewa haipunguzwi

Watoto wa pwani huchonga vingalawa vya kuchezea na kuvielekeza katika madimbwi. Kingalawa kikipinduka katika dimbwi, hapana nahodha atakayekataa kusafiri kwa sababu hiyo. Na kikielea vizuri, hapana nahodha atakayeanza safari ya Unguja kwa kutegemea ushahidi huo. Nahodha anajua kwamba mtoto amepunguza chombo tu. Hakuyapunguza maji.

Mhandisi wa handaki ana taabu hiyohiyo. Amelipunguza jengo mara 400, lakini hewa ya handaki ina unene na utelezi uleule wa hewa ya nje. Ili mtiririko wake ulingane kabisa na ule wa dunia, ingempasa kuiongeza kasi ya hewa mara 400 vilevile. Dhoruba ya mita 30 kwa sekunde ingekuwa mita 12,000 kwa sekunde, ilhali sauti yenyewe husafiri kwa mita 340 hivi tu. Jambo hilo haliwezekani. Kwa hiyo mhandisi hulikubali pengo hilo na kutafuta njia ya kuishi nalo.

Kwa jengo lenye pembe kali, pengo hilo si baya sana, kwa kuwa hewa huachana na ukuta pale penye pembe, katika kielelezo na katika jengo vilevile. Lakini kwa jengo la mviringo, hewa yenyewe ndiyo huchagua mahali pa kuachana na ukuta, na uchaguzi huo hubadilika kwa kasi na kwa ukubwa. Handaki laweza kuonyesha nguvu tofauti na zile zitakazotokea. Wataalamu waaminifu wanalijua jambo hili na hulisema. Tatizo ni kwamba maneno yao ya tahadhari huandikwa katika kurasa za ndani za taarifa, hali anayeidhinisha jengo huonyeshwa ukurasa wa kwanza.

Liko jambo jingine zito zaidi. Jengo refu halisimami kama jiwe, bali huyumba. Likipigwa na kishindo huenda na kurudi, na kadiri linavyoweza kujituliza ndivyo mtikisiko unavyopungua. Uwezo huo wa kujituliza hautokani na umbo lake, bali na msuguano wa viungo, zege, kuta za ndani na udongo ulio chini ya msingi. Kielelezo hakiujui. Mhandisi hukadiria tarakimu, akaiingiza katika hesabu, na jibu likatoka likiwa na sura ya kipimo. Kumbe ndani yake limo kisio la mtu.

Mwenye kutaka ushahidi na ayasome yale yaliyoelezwa na taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani katika uchunguzi wake wa mwaka 2005 kuhusu minara miwili ya World Trade Center ya New York. Minara hiyo haikuangushwa na upepo. Iliangushwa na shambulio la Septemba 11, 2001. Lakini kwa sababu ya kesi ya bima, maabara mbili zenye sifa zilipewa kazi, kila moja kwa upande wake, ya kupima nguvu za upepo juu ya vielelezo vya minara hiyohiyo. Jengo lilikuwa lile lile na mji ule ule. Tofauti kati ya majibu yao ilifika hata asilimia 40. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo haikutoka katika handaki, bali katika namna ya kuchagua kasi ya upepo wa mji na kuichanganya na mielekeo yake. Huko Uingereza nako, kwenye nyumba ya majaribio ya Aylesbury iliyopimwa katika upepo wa kweli miaka ya 1970, maabara 17 za nchi mbalimbali zilipewa baadaye kazi ya kupima kielelezo chake, na majibu yao yakatofautiana waziwazi.

Kama maabara mbili hodari zaweza kutofautiana kwa kiasi hicho juu ya jengo moja, ni nani aliyempa mwenye jengo haki ya kuleta cheti cha maabara moja na kusema kwamba mjadala umefungwa?

Mficha maradhi

Hata hivyo, kasoro za kielelezo si dhambi. Dhambi ni kuzificha. Na hapa ndipo historia ya majengo marefu inapotia uchungu.

Huko Boston, Marekani, mnara wa John Hancock wenye ghorofa 60 ulikuwa ukijengwa tangu mwaka 1968. Mwezi Januari 1973, katika dhoruba, vioo vyake vilianza kuvunjika na kuanguka barabarani. Kila kioo kilikuwa na uzito wa kilo 227 hivi, na jengo lilikuwa na vioo zaidi ya 10,000. Nafasi za vioo zilizibwa kwa mbao, na mwishowe vioo vyote vikabadilishwa. Ilidhihirika kwamba kiungo kati ya tabaka mbili za kioo kilikuwa kigumu mno, hata kikachoshwa na mitikisiko ya kila siku. Hilo ni jambo ambalo kielelezo cha umbo la jengo hakiwezi kulionyesha hata kikipigwa upepo mwaka mzima. Isitoshe, uchunguzi ulionyesha kwamba watu wa ghorofa za juu wangesumbuliwa na kuyumba kwa jengo. Katika ghorofa ya 58 ikabidi kuwekwa masanduku mawili ya chuma yaliyojaa risasi, kila moja tani 300, yateleze juu ya mafuta na kulituliza jengo. Baadaye tena ikaonekana kwamba jengo lingeweza kuanguka kwa upande wake ule mwembamba, jambo ambalo wachache walilitazamia, na vyuma vya kulikaza vikaongezwa kiasi cha tani 1,500. Wenye shauri hilo walimaliza kesi yao kwa mapatano ya kunyamaza, na kwa miaka mingi umma haukuambiwa chanzo kamili. Walionyimwa somo hilo ni wahandisi wote wengine waliokuwa wakijenga kwa vioo duniani.

New York mambo yalikuwa makubwa zaidi. Jengo la Citicorp, lenye ghorofa 59 na urefu wa mita 279, lilimalizika mwaka 1977. Nguzo zake kubwa hazikuwekwa pembeni, bali katikati ya kila upande, kwa sababu pembe moja ya kiwanja ilikuwa na kanisa. Mwaka 1978 mhandisi wake, William LeMessurier, alitambua kwamba viungo vya mihimili vilivyokusudiwa kuchomelewa vilikuwa vimefungwa kwa bolti, na kwamba upepo unaokuja kwa pembe ungeongeza nguvu katika baadhi ya mihimili kwa asilimia 40. Asilimia 40 katika muhimili ilikuwa, kwa hesabu yake, asilimia 160 katika kiungo. Msomaji aliyeifuata hesabu ya Ferrybridge anaujua mchezo huo: kiungo kilibeba tofauti kati ya upepo unaonyanyua na uzito unaoshikilia. Alikwenda kwa Davenport huko Kanada kurudia maswali ya handaki, na jibu likamtia hofu.

Ni haki kumsifu LeMessurier kwa kusema ukweli mbele ya wenye jengo, kwani angeweza kunyamaza. Lakini sifa hiyo ina mpaka. Viungo vilichomelewa usiku, makarani walipokwisha kwenda makwao. Kimbunga Ella kilikuwa baharini mwezi Septemba huku kazi haijamalizika. Mipango ya kuwahamisha watu ilikuwa imeandaliwa kwa siri, nao watu wenyewe waliohusika hawakuambiwa. Magazeti makubwa ya mji yalikuwa katika mgomo, na siri ikasalimika. Ukweli ulitangazwa wazi mwaka 1995, miaka 17 baadaye. Maelfu ya wafanyakazi walipanda lifti kila asubuhi katika jengo ambalo mabwana wake walilijua kuwa lina walakini, na hapana aliyewauliza kama wanaridhia.

Na matunda ya siri ni nini? Miaka arobaini baada ya jambo hilo, watafiti wa Marekani walipolipiga hesabu upya walionyesha kwamba huenda upepo wa pembeni haukuwa hatari kuliko ule wa uso kwa uso, kinyume na hadithi iliyofundishwa vyuoni muda wote huo. Laiti vipimo vyote vingewekwa mezani mapema, wataalamu wangelimaliza shauri hilo zamani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha vipimo naye huwafundisha watu makosa kizazi baada ya kizazi.

Jengo huzeeka, kielelezo hakizeeki

Mwaka 2002 kazi ya maana ilianza Chicago. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, wakishirikiana na maabara ya Western Ontario na kampuni ya wasanifu, waliweka vyombo katika ghorofa ndefu tatu na kulinganisha mitikisiko yake na yale yaliyotabiriwa na handaki. Matokeo yaliwapa moyo, kwani kwa jumla utabiri ulikaribiana na ukweli. Mahali ulipopotea, mara nyingi chanzo kilikuwa palepale penye makisio: mwendo wa jengo wa kuyumba, na uwezo wake wa kujituliza. Faida ya kupima ndiyo hiyo. Si kulifedhehesha handaki, bali kulisahihisha. Lakini hata katika kazi hiyo njema, majengo yaliandikwa katika taarifa kwa namba tu, Jengo la 1, la 2 na la 3. Mwenye nyumba huogopa jina la nyumba yake kutajwa pamoja na neno "kuyumba", kana kwamba kuna ghorofa ndefu isiyoyumba.

Kupima mara moja nako hakutoshi. Tarehe 18 Mei 2021 mnara wa SEG Plaza wa Shenzhen, China, ulianza kutikisika mchana kweupe, na watu wakakimbia barabarani. Hapakuwa na dhoruba wala tetemeko la ardhi. Jengo hilo lilikuwa limetumika kwa miaka ishirini hivi bila ya tukio la namna hiyo. Wataalamu walieleza kwamba upepo wa kawaida uliifanya milingoti iliyokuwa juu ya paa iyumbe kwa mwendo uliopatana na wa jengo, na kwamba sifa za jengo na za milingoti zilikuwa zimebadilika kwa miaka. Milingoti iliondolewa. Kielelezo kingewezaje kuyajua hayo? Hubaki kabatini kikiwa kipya siku zote, hali jengo linachoka.

Hoja ya gharama

Watetezi wa cheti wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba kupima majengo ya kweli ni ghali. Zamani hoja hiyo ilikuwa na uzito, leo haina. Vyombo vidogo vya kupima mtikisiko vimo hata ndani ya simu za mkononi. Mtu anayeweza kulipia marumaru ya ukumbi wa chini na lifti za kasi hawezi kushindwa kulipia vyombo vichache vya kupimia katika ghorofa ya juu.

Ya pili ni kwamba majengo yaliyopimwa kwa vielelezo yanasimama. Ni kweli, na heshima iwaendee wenye kazi hiyo. Burj Khalifa ya Dubai, yenye urefu wa mita 828 na iliyofunguliwa mwaka 2010, ilipitishwa katika majaribio mengi ya handaki, na umbo lake likarekebishwa ili upepo usipate nafasi ya kulipiga kwa mpigo mmoja kutoka chini hadi juu. Huo ni mfano mwema wa kukitumia kielelezo kama mwalimu. Lakini jengo hilo nalo lilitiwa vyombo vya kupimia. Waliojenga jengo refu kuliko yote duniani hawakuona aibu kulihoji. Mbona mwenye ghorofa thelathini aone aibu?

Wajibu wa wenye faili na wenye chaki

Afrika Mashariki haimo nje ya shauri hili. Dar es Salaam na Nairobi zinapanda juu mwaka hadi mwaka, na kwa miaka mingi wahandisi wa huku wametumia kanuni za upepo zilizoandikwa Uingereza kwa ajili ya upepo wa Uingereza. Upepo wa huku una tabia zake. Pwani inazijua kusi na kaskazi. Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, na mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kikawakumbusha watu kwamba lile halikuwa jambo la mara moja. Bara, mwalimu aliyeona paa la shule likinyanyuliwa anajua kwamba mara nyingi upepo huo hutangulia mvua ya radi, hushuka kutoka wingu moja na kutawanyika ardhini kwa dakika chache. Handaki la kawaida limetengenezwa kuiga upepo unaovuma kwa muda mrefu na kuzidi kasi kadiri ya kimo. Upepo wa radi haufuati utaratibu huo. Kielelezo kilichopimwa kwa upepo wa namna moja hakiwezi kuapishwa kwa upepo wa namna nyingine.

Kwa hiyo afisa aletewaye cheti asikipokee kama mtu apokeavyo baraka. Aulize kama majirani wa jengo walijengwa pia katika kielelezo, na itakuwaje majirani hao wakibomolewa au wakiongezeka. Aulize takwimu za upepo zilichukuliwa kituo gani na kwa miaka mingapi. Aulize kasi iliyotumika ni wastani wa muda gani, tarakimu ya kujituliza ilikisiwa na nani, na itatokea nini ikiwa nusu yake. Aulize ni viungo vipi vinabeba tofauti kati ya uzito na upepo. Hayo si maswali ya ukaidi. Mhandisi mwaminifu atafurahi kuulizwa, kwa sababu ndiyo aliyojiuliza mwenyewe usiku.

Kisha, jengo likikamilika, sheria za miji zilazimishe kwamba kila ghorofa ndefu iwekwe vyombo vya kupimia upepo na mtikisiko, na vipimo hivyo vipelekwe mahali ambapo vyuo vikuu na idara za serikali vitavipata bila ya kuomba hisani ya mwenye jengo. Barabara ni ya umma, na kioo kikidondoka hakiulizi hati ya kiwanja. Mwenye jengo anayo haki juu ya kodi ya pango lake, lakini hana haki ya kuufanya ukweli wa usalama wa wapita njia kuwa mali yake binafsi.

Na mwalimu naye ana sehemu yake, pengine kubwa kuliko zote. Mwaka 1978, mmoja wa waliouliza kuhusu upepo wa jengo la Citicorp alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akiandika tasnifu yake. Hakuwa na cheo wala muhuri. Alikuwa na swali, na alikuwa amefundishwa kuuliza. Nchi inayotaka kujenga juu inahitaji wanafunzi wa namna hiyo katika kila shule, watakaoonyeshwa kielelezo kizuri cha mbao juu ya meza wakakisifu, kisha wakanyoosha mkono na kuuliza jengo lenyewe linasemaje.